Choo cha Maji Machache: Namna ya Kukielewa, Kukinunua na Kukifunga

Hajati mmoja wa Walukuba, hapa Jinja, aliniita kwake siku ya tatu baada ya kumfungia choo kipya. Salamu zilikuwa fupi. "Mwanangu fundi, choo chako hakina nguvu. Kile cha zamani ukikivuta nyumba nzima inasikia. Hiki kinakohoa mara moja, kimenyamaza." Nikamuuliza, "Hajati, mnabonyeza mara ngapi?" Akasema mara tatu kila mtu aingiapo, maana ya kwanza maji ni kidogo mno, hayaaminiki.

Choo chake cha zamani kilikuwa kinamwaga lita 9 kwa mvuto mmoja. Kipya kinamwaga lita 6 kwa kitufe kikubwa. Mara tatu ni lita 18. Alikuwa amenunua choo cha kuokoa maji, na sasa anatumia maji maradufu ya yale ya mwanzo. Kosa lilikuwa langu. Nilimfungia chombo bila kumfundisha chombo, nikachukua ujira wangu nikaenda. Tangu siku ile sifungi choo cha aina hii kabla sijakaa na wenye nyumba nikawaeleza haya ninayoyaandika hapa.

Hatua ya kwanza: fanya jaribio la ndoo

Anza na hili, hata kama choo chako bado ni cha zamani. Kunja vipande vitano sita vya karatasi ya chooni, vitupe ndani ya bakuli la choo. Pima lita 6 za maji kwenye ndoo. Sasa zimwage polepole, kama mtu anayemwagilia miche ya nyanya. Utaona maji yanapanda kidogo, yanateremka upande wa pili bila haraka, na karatasi zinazunguka pale pale. Ndoo imekwisha, karatasi zipo.

Pima lita 6 nyingine. Safari hii zimwage zote kwa mkupuo, ukilenga koo la bakuli, pale maji yanapopotelea. Karatasi zitaondoka zote.

Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni muda.

Ndani ya kila choo cha kukaa kuna mpindo unaoshika maji ili harufu ya mfereji isipande nyumbani. Fundi wa saa aliyeitwa Alexander Cumming alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, London mwaka 1775, na hadi leo hakuna aliyepata njia bora ya kuuepuka. Ukimwaga polepole, kila kikombe kinachoingia kinasukuma kikombe kimoja nje, basi. Maji yanapita juu ya uchafu kama watu wanaopishana mlangoni. Uchafu unaondoka pale tu maji yanapoingia haraka kuliko yanavyoweza kutoka. Hapo yanajikusanya, yanakuwa mzigo mmoja, yanabeba kila kitu.

Choo cha zamani kilipata nguvu hiyo kwa kimo na wingi. Wenye umri wanakumbuka tangi la chuma lililoning'inia karibu na dari, na mnyororo wenye kishikio. Ndiyo maana hata leo, tunapobonyeza kitufe, bado tunasema tunavuta choo. Maji yalishuka kimo cha mtu na zaidi, yakafika chini na kasi kubwa. Baadaye tangi likashushwa hadi nyuma ya bakuli, kimo kikapotea, na wingi ukabaki ndio tegemeo: lita 9 katika vyoo vya Kiingereza, lita 13 na zaidi katika vya Kimarekani. Choo cha kisasa hakina kimo wala wingi. Kinafanya kile ulichofanya na ndoo ya pili: kinaachia lita 6, au pungufu, kwa sekunde chache kupitia tundu pana, ndani ya bakuli lililochongwa kwa kiasi hicho cha maji.

Ndiyo maana kinakohoa mara moja tu. Kikohozi kile ndicho kazi yenyewe.

Hatua ya pili: inua kifuniko cha tangi, ujue una choo gani

Usinunue kipuri wala usimwite fundi kabla hujatazama ndani.

Ukikuta kitu kama kengele ya plastiki iliyofunika bomba lililopinda juu, hiyo ni sifoni, mtindo wa zamani. Mkono wa nje ukisukumwa, kisahani cha ndani kinainua maji kidogo hadi yavuke mpindo wa juu, na yakishavuka yanawavuta wenzao wote mpaka tangi likauke. Ukishaanza huwezi kulisimamisha katikati. Sifoni ina sifa moja kubwa ambayo watu wameisahau: haivuji kimyakimya. Maji hayawezi kutoka bila kwanza kupanda juu ya usawa wa tangi. Kwa sababu hiyo Uingereza haikuruhusu mtindo mwingine kwa miaka mingi, hadi sheria ilipobadilika mwaka 2001, na ndiyo maana majumba ya zamani ya Jinja, Entebbe na Kampala, yaliyojengwa enzi za Waingereza, yana sifoni. Sifoni ikikulazimisha kusukuma mkono mara nne ndipo ivute, kwa kawaida kile kisahani kina utando wa plastiki uliochanika. Utando ni kitu kidogo. Usibadilishe choo kizima kwa ajili yake.

Ukikuta mnara wa plastiki uliosimama katikati, juu una vitufe viwili, chini una pete ya mpira iliyokaa juu ya tundu, hicho ni choo cha kisasa. Kitufe kinanyanyua mnara, tundu linafunguka lote mara moja, maji yanaanguka. Kitufe kikubwa kinauacha wazi hadi maji yashuke chini kabisa ya kiwango chake. Kidogo kinaufunga mapema. Maji machache hubaki tangini baada ya kuvuta. Si ubovu. Yameachwa makusudi, kwa sababu maji ya juu yanayasukuma ya chini, na yale ya mwisho hayana msukumo wa maana.

Vitufe viwili vilitoka Australia, nchi inayoijua kiu. Mwaka 1980 Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma alitengeneza choo cha lita 11 kwa haja kubwa na lita 5.5 kwa haja ndogo. Kwa macho ya leo lita 11 ni mafuriko, lakini wazo lilikuwa sahihi: kwa siku mtu anakojoa mara nyingi kuliko anavyokwenda haja kubwa, kwa nini mkojo ulipiwe bei ile ile? Kutoka hapo viwango vikashuka hadi lita 6 na 3, na vingine 4.5 na 3.

Kisha tazama bakuli lenyewe. Kama maji yaliyotulia chini ni kisima kidogo, na ukivuta uchafu unasukumwa mbele na kupotea, bakuli lako ni la kusukuma. Mengi ya Uganda ni haya. Kama maji yaliyotulia ni mapana, na ukivuta yanapanda kwanza, yanazunguka, halafu yananyonywa kwa mlio, ni bakuli la kunyonya. Njia yake ya ndani ni ndefu na nyembamba, hujaa maji yote na kujigeuza sifoni. Siku hizi vyoo vya kipande kimoja vinavyotoka China vingi ni vya kunyonya. Vinapendeza, na havichafuki ukutani mwa bakuli. Lakini njia yao nyembamba haisamehe kitu kigeni kikiingia. Kwa nyumba yenye watoto wadogo au wapangaji wengi mimi hupendekeza cha kusukuma.

Hatua ya tatu: kununua

Kanuni iliyo juu ya zote: tangi na bakuli vinunuliwe pamoja, vilivyotengenezwa pamoja. Nimeona watu wengi wakihifadhi bakuli la zamani kwa sababu "bado zima", wakaweka juu yake tangi jipya la lita 6. Bakuli lile lilichongwa likisubiri lita 9. Koo lake pana linahitaji maji mengi ili mzigo ujikusanye. Ukilipatia lita 6, ni kama kumpa nusu mkate mtu aliyezoea mkate mzima, na utabonyeza mara mbili maisha yako yote.

Marekani walijifunza hili kwa uchungu. Sheria yao ya mwaka 1992, iliyoanza kutumika mwaka 1994, ilitaka vyoo vipya vya majumbani visizidi galoni 1.6, yaani lita 6 hivi. Viwanda vingi vilipunguza maji, bakuli wakaliacha karibu vile vile. Watu wakabonyeza mara mbili, vyoo vikaziba, na jina la choo cha kuokoa maji likaharibika. Ilichukua miaka ya kuchonga upya: tundu la tangi likapanuliwa, njia ya ndani ikalainishwa, mashimo ya ukingo yakapangwa upya. Mwaka 2003 ulianza upimaji wa kujitegemea huko Amerika Kaskazini ambao vyoo hutiwa uji mzito wa soya uliopimwa kwa gramu, kuona kila kimoja kinaweza kuondoa kiasi gani kwa mvuto mmoja. Choo kizuri cha leo kinaondoa kwa lita 6 kile ambacho vya zamani vingi vilishindwa kwa 13. Kwa hiyo mtu akikuambia "hivi vya maji machache ni vibovu", huenda anakumbuka vile vya mwanzo, au anavyo vilivyochanganywa.

Dukani, fanya haya. Soma maandishi ndani ya tangi au kwenye boksi: 6/3 au 4.5/3. Kama hakuna namba popote, mimi siachi pesa yangu hapo. Ingiza kidole kwenye koo la bakuli, kadiri kinavyofika, upapase: panatakiwa pawe laini kama kikombe cha chai. Vya bei ya chini sana huwa vimeng'arishwa pale panapoonekana tu, ndani ni udongo mkavu unaokwaruza, na uchafu hushika hapo. Muulize mwenye duka kama mpira wa chini wa valvu ya tangi, yaani ule mnara wa katikati, unauzwa peke yake, na umwambie akuonyeshe. Choo ambacho mpira wake haupatikani Jinja wala Kampala kitageuka mzigo mwaka wa tatu.

Kisha pima njia ya kutokea. Kuna vyoo vinavyotoa ukutani na vinavyotoa sakafuni. Vya ukutani, katikati ya tundu huwa kama milimita 180 kutoka sakafu. Vya sakafuni, hasa vile vya kunyonya, mara nyingi vinataka milimita 300 kutoka ukuta hadi katikati ya bomba. Nenda dukani ukiwa na kipimo cha nyumbani kwako kwenye karatasi. Kumrudishia muuzaji choo ambacho kimeshakanyagwa na saruji ni ugomvi usio na mshindi.

Hatua ya nne: mfereji, kabla ya choo

Baada ya kumfundisha Hajati kubonyeza mara moja, nilidhani kazi imekwisha. Wiki tatu baadaye simu ikalia. Chemba ya nyuma ya nyumba, lile shimo la kukagulia mfereji, ilikuwa imejaa hadi mdomoni.

Nilifungua, nikazibua, halafu nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza: nikanyoosha uzi kutoka sakafu ya choo hadi chemba, nikaweka pimamaji. Bomba lilikuwa karibu bapa, na katikati lilikuwa limezama kama tumbo la punda. Lilikuwa hivyo miaka mingi. Lita 9 zilikuwa zinalificha kosa lile: maji mengi yanaburuta chochote, hata kwenye bomba baya. Nilipopunguza maji, kosa likajitokeza. Familia ikaona kwamba choo kipya ndicho kimeleta balaa.

Elewa uchafu unavyosafiri. Kwa mvuto mmoja haufiki moja kwa moja kwenye tangi la septiki, labda nyumba iwe ndogo sana. Unakwenda mita kadhaa, maji yanaupita, unakaa. Mvuto unaofuata unausogeza tena. Choo cha lita 6 kinaupeleka karibu kuliko cha lita 9 kwa kila mvuto. Kama bomba lina mteremko mzuri na laini, hakuna neno. Utafika kwa safari mbili tatu. Kama ni bapa, au lina tumbo, kila kitu kinalala hapo hapo, kinakauka, kinakuwa ukuta.

Basi kabla hujafunga choo kipya kwenye mfereji wa zamani:

Pima mteremko. Bomba la inchi 4 nalilaza kwa sentimita 2.5 kushuka kwa kila mita moja. Kutoka choo hadi chemba kukiwa na mita 8, tofauti ya kimo iwe kama sentimita 20. Ukikuta sentimita 5, rekebisha mfereji kwanza, choo kisubiri.

Funua chemba, mtu mmoja avute choo cha zamani kikiwa na karatasi kadhaa, wewe utazame. Maji yakifika kwa mkupuo na karatasi nyuma yake, njia ni nzuri. Yakitiririka kidogo kidogo kwa muda mrefu, kuna mahali yamekusanyika.

Kona kali ya mraba iondoe. Weka viwiko viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90, uchafu utapinda bila kupoteza mwendo.

Na kama ramani ya nyumba inaruhusu, maji ya bafuni yaingie kwenye bomba hilo hilo mwanzoni mwa njia, kabla ya choo. Mtu akioga asubuhi, maji yake yanausindikiza uchafu wa usiku. Hili halina gharama yoyote wakati wa kujenga, na sijui kwa nini halifanywi zaidi.

Kwa Hajati tulichimbua mita sita na kulaza upya. Sikumtoza ujira wa kuchimba.

Hatua ya tano: weka kiwango cha maji, kisha uliache tangi

Ndani ya tangi kuna mstari au alama ya maji. Boya liweke hadi maji yasimame hapo, si chini, si juu. Chini ya hapo mvuto unapoteza msukumo. Juu ya hapo maji yanaingia kwenye bomba la kufurikia na kupotelea bakulini mchana na usiku.

Watu wananiuliza kuhusu tofali. Zamani tulikuwa tunaweka tofali au chupa ya maji ndani ya tangi la lita 9 ili kupunguza, na kwa tangi lile la sifoni chupa ya lita moja iliyojazwa maji na kufungwa vizuri bado ni ushauri mzuri, mradi isiguse boya. Tofali hapana, linamung'unyika majini na mchanga wake unakula mipira. Kwa choo cha kisasa usiweke chochote. Lita 6 zake zimehesabiwa. Ukizifanya 5 utabonyeza mara mbili na kutumia 10.

Msukumo mdogo wa maji ya bomba hausumbui mvuto, unasumbua kujaza tu. Nguvu ya kuvuta inatoka kwenye maji yaliyokwisha kusimama tangini. Mtaa wenu ukiwa juu ya kilima na maji yanakuja kwa kuchoka, tangi litajaa kwa dakika tano badala ya moja, lakini likijaa litavuta sawa na la jirani wa bondeni. Kinachotakiwa ni subira. Ukibonyeza likiwa nusu, umemwaga maji bure. Jambo la kuangalia ni matope: maji yakikatika na kurudi, mara nyingi huja na mchanga mwembamba. Kuna kichujio kidogo pale bomba linapoingia kwenye valvu ya boya. Funga koki, kifungue, kisuuze, kirudishe.

Hatua ya sita: kuvuta

Haja ndogo, kitufe kidogo, hata kama umetumia maji ya kuchambia. Haja kubwa, kitufe kikubwa. Bonyeza hadi mwisho, achia, subiri. Nyumba zinazotumia maji kuchamba ziko mbele katika jambo hili, kwani karatasi ndiyo inayochosha choo cha maji machache kuliko kitu kingine. Karatasi laini ya chooni inavumilika. Gazeti halivumiliki, wala pamba, pedi, nepi, au vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, hata kama pakiti inasema vinaweza kutupwa chooni. Weka ndoo yenye kifuniko pembeni.

Bakuli la kusukuma lina kisima kidogo, kwa hiyo wakati mwingine alama inabaki ukutani. Chukua brashi. Kubonyeza tena kwa ajili ya alama ni kumwaga lita 6 pale palipohitaji misuguo miwili ya brashi.

Faida ni kiasi gani? Chukua nyumba ya watu watano, kila mmoja anavuta mara tano kwa siku, moja kubwa na nne ndogo. Choo cha lita 9: mara 25 kwa lita 9 ni lita 225 kwa siku, jerikeni kumi na moja na zaidi. Choo cha 6/3: mara 5 kwa lita 6 ni 30, mara 20 kwa lita 3 ni 60, jumla 90, yaani jerikeni nne na nusu. Kwa siku 30 tofauti ni lita 4,050. Kwenye bili ya National Water, shirika letu la maji, hizo ni yuniti nne, kwa kuwa yuniti moja ni lita 1,000. Mwenye kununua maji kwa jerikeni apige bei ya mtaani kwake mara jerikeni 200, aone.

Sisi wa Jinja tunakaa kando ya Ziwa Nyanza na mlango wa Nile, na ni rahisi kufikiri maji hayana bei. Ziwani hayana. Yenye bei ni yale yaliyosafishwa kwa dawa na kupandishwa kilimani kwa umeme. Kisha kuna upande wa pili wa bomba. Sehemu kubwa ya miji yetu haina mtandao wa mifereji ya majitaka. Maji yote ya choo yanaingia ardhini uani kwako, kupitia tangi la septiki na shimo la kufyonza. Shimo lililokuwa linazidiwa na lita 225 linapumua likipewa 90. Ila usitarajie lori la kunyonya lisije tena: matope yanayojaa chini ya tangi ni yale yale, yameletwa na maji machache tu.

Maji yakikatika, usijaze tangi la choo kwa jerikeni kama unaweza kuepuka, maana mchanga wa chini ya jerikeni utakaa kwenye mpira wa valvu. Mwaga moja kwa moja bakulini, kwa mkupuo, kama ndoo ya pili ya jaribio letu. Lita 5 au 6 kwa haja kubwa. Kwa mkojo mbili zinatosha. Choo cha kuchuchumaa cha kumwagia maji, ambacho mashule na misikiti mingi inacho, kinamaliza kazi kwa lita mbili tatu. Hakuna choo cha vitufe kinachokishinda kwa haja kubwa.

Hatua ya saba: kamata mvujo

Hapa ndipo choo cha kisasa kina udhaifu ambao sifoni haikuwa nao. Valvu yake iko chini ya maji, na kinachoyazuia ni pete moja ya mpira. Pete ikichakaa, au chembe ya mchanga ikikaa juu yake, maji yanateremka ukutani mwa bakuli kama uzi usioonekana, bila sauti. Choo kilichonunuliwa kuokoa maji kinakuwa ndicho kinachoyapoteza.

Mara moja kila mwezi, usiku kabla ya kulala, tia rangi ya chakula ndani ya tangi. Kama huna, kikombe cha chai ya rangi iliyokolea. Mtu asivute. Baada ya nusu saa tazama bakulini. Ukiona rangi, kuna mvujo.

Kujua ukubwa wake, funga koki ya kujazia, chora mstari kwa penseli kwenye usawa wa maji ndani ya tangi, rudi baada ya nusu saa. Matangi mengi, kila sentimita inayoshuka ni kama nusu lita. Yakishuka sentimita mbili umepoteza lita moja kwa nusu saa, lita 48 kwa siku, na karibu yuniti moja na nusu kwa mwezi. Faida uliyoipata kwa vitufe viwili imeanza kuliwa.

Kutengeneza ni kazi ya dakika ishirini. Koki ikiwa imefungwa, vuta choo hadi tangi lishuke. Shika mnara wa katikati, uuzungushe kidogo kinyume cha saa. Mingi inatoka kwa robo mzunguko. Ugeuze, utaona pete chini. Ipapase kwa kidole. Kama ni laini na ina chembe tu, ioshe, futa na kiti inapokaa, rudisha, pima tena kwa penseli. Kama ina mkunjo, imekakamaa, au inakuachia weusi kidoleni, imekwisha. Nenda nayo dukani mkononi, uilinganishe na mpya juu ya meza. Pete hizi zinafanana sana kwa macho, na tofauti ya milimita mbili inatosha kukurudisha dukani kesho.